Swali la Kwanza Aliloulizwa Warsinah

Jumanne, tarehe 14 Machi 2017, mashahidi saba wa kijiji cha Karangsoka waliamriwa wawe mahakamani saa tatu kamili asubuhi. Walifika saa mbili kasorobo. Mawakili wa kampuni walifika saa tano na nusu, wakaenda kwanza kunywa kahawa kwenye kibanda cha nje. Majaji watatu waliingia saa saba na dakika ishirini. Bu Warsinah, shahidi wa kwanza (huku Bu ni neno la heshima kwa mwanamke, Pak kwa mwanamume), aliitwa saa saba na dakika thelathini na moja, na swali la kwanza aliloulizwa, pamoja na jibu lake, havikuchukua nusu dakika. Nusu dakika hiyo ilikaribia kuizika kesi nzima.

Magazeti ya siku iliyofuata yalimwita "mwanamke mmoja wa kijijini". Ana jina, na ana kazi. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne, akitengeneza tempe, chakula cha soya zilizochachushwa, kazi aliyorithi kwa mama yake: kuchemsha soya, kuziambua maganda, kuzichanganya na hamira yake, kisha kuzifunga kwenye majani ya mgomba zikae hadi zishikamane. Ufungaji ndio uliomtambulisha. Sokoni, mafurushi yake yalijulikana kwa mkunjo wa pembeni, mwembamba na mkali kama mkunjo wa shati lililopigwa pasi, na wateja waliyachagua bila kuuliza yametoka kwa nani.

Kiwanda kilijengwa kaskazini mwa kijiji mwaka 2008, mwaka aliozaliwa binti yake wa pekee, Rukmi. Kazi ya kiwanda ilikuwa kupasua betri kuukuu za magari na kuyeyusha madini ya risasi yaliyomo ndani. Tanuri lilitema makapi meusi, mazito, yaliyofanana na kokoto. Wakati wa mvua Karangsoka yote huwa tope, na kampuni ikatangaza kwamba yeyote anayetaka makapi ya kujazia ua wake ayachukue bure. Watu walipanga foleni na matoroli. Saderi, mume wa Warsinah, ambaye alikuwa ameajiriwa hapo tanurini, alimwaga matoroli manne mbele ya nyumba na kuyashindilia kwa miguu. Warsinah akapika wali wa manjano, akampelekea msimamizi wa kiwanda kama shukrani.

Jambo hili nalieleza kwa makusudi, kwa kuwa baadaye lilisemwa mahakamani kana kwamba ni kosa la jinai: waliomba wenyewe, wakashukuru wenyewe. Ni kweli, waliomba. Hawakujua kilichomo. Aliyejua ni yule msimamizi, naye alipokea sahani, akala, akarudisha sahani ikiwa imeoshwa.

Rukmi alijifunza kutambaa juu ya makapi hayo. Alipofika miaka mitano alikuwa akishika tumbo na kulia kila baada ya kula. Alipoanza shule alijifunza herufi leo, kesho akawa hazijui. Mama yake kwa upande wake alianza kushindwa kuinua viganja. Vidole vilikubali kufumba, havikukubali kunyooka. Mkunjo wa pembeni ukapotea sokoni. Wateja wakadhani amekuwa mvivu.

Mwaka 2015 daktari kutoka mjini alikuja kupima damu za watoto. Mimi ndiye niliyewachoma sindano, kwa kuwa nilikuwa nimehitimu ufundi wa maabara na kuajiriwa katika zahanati ya jirani. Damu ya Rukmi ilikuwa na kipimo cha risasi cha hamsini na mbili, mahali ambapo hata tano ni nyingi mno. Daktari alimweleza mama yake waziwazi.

"Dawa ipo, Bu. Lakini siwezi kumpa mtoto anayerudi kulala juu ya sumu. Dawa itaitoa risasi mwilini, na ua utamrudishia. Inaweza hata kumdhuru zaidi. Makapi yaondoke kwanza."

"Yakiondoka, utampa?"

"Siku hiyohiyo."

"Basi sisi tuhame?"

"Mna pa kuhamia?"

Warsinah alitabasamu kwa adabu, tabasamu la mtu aliyeulizwa kama ana ndege yake ya kusafiria. Hawakuwa na mahali. Na makapi hayakuwa kitu cha kuchota kwa koleo na kumwaga mtaroni. Yalikuwa yameshakuwa ardhi ya kijiji, mlangoni, njiani, chini ya kamba za nguo. Kuanzia siku ile alitaka jambo moja tu duniani, nalo ni kuona makapi yale yakipakiwa kwenye lori na kuondoka.

Chama kimoja cha kutetea mazingira kilifungua kesi kikiomba hilo hasa: kampuni iamriwe kuyaondoa makapi yote katika nyua arobaini na moja. Kwa kuwa mdai alikuwa chama, wanakijiji wakawa mashahidi. Wakili wao aliitwa Tigor Sihaloho, wa kabila la Wabataki kutoka kisiwa cha Sumatra, mtu wa sauti kubwa na moyo mwepesi kukasirika.

Kampuni nayo haikukaa bure. Mwezi wa Agosti 2016 ilituma watu watatu wenye majaketi meupe wapite nyumba kwa nyumba kuuliza hali ya afya. Walikuwa watu wa mkoa huuhuu, wenye lugha laini. Walipiga hodi, wakavua viatu mlangoni.

"Karibuni ndani. Samahani, nyumba chafu."

"Nyumba nzuri sana, Bu. Habari za afya?"

"Nzuri, alhamdulillahi."

"Na mtoto?"

"Mzima, alhamdulillahi. Karibuni chai."

Chai ilimiminwa na Rukmi, kwa sababu mama yake hakuweza kuinua birika. Mmoja wa wageni alimsifu mtoto kwa adabu yake. Hakuna aliyeuliza kwa nini mtoto ndiye anayemimina. Katika nyumba mia mbili na zaidi walijibiwa vivyo hivyo, na ripoti ikaandikwa kwamba asilimia tisini na sita ya wakazi wa Karangsoka wamejieleza kuwa wazima.

Tigor alipoisoma aliitupa juu ya mkeka, pale kwenye baraza ya msikiti mdogo wa kijiji mashahidi walipokuwa wamekusanyika.

"Asilimia tisini na sita! Na hao wanne waliobaki ni kina nani, niwakumbatie?"

"Hao ni wahamiaji, Pak," akajibu Mbah Jiwo, mzee aliyekuwa akipasua betri kwa shoka kabla mgongo haujamshinda. "Wametoka kwenu Sumatra."

"Kwetu mtu akiumwa jino kijiji kizima hakilali!"

"Ndiyo maana mna sauti hizo. Mnauguza kwa kelele."

Wakacheka wote, na Tigor akacheka pia, lakini alikuwa na hofu. Aliwaeleza kilichokuwa mbele yao. Kabla ya kuapishwa, jaji humuuliza kila shahidi kama ni mzima wa mwili na akili. Akisema haumwi, wakili wa kampuni atalishika neno hilo. Akisema anaumwa, jaji anaweza kuahirisha, na kesi ilikuwa imeshaahirishwa mara mbili. Niliposikia hayo niliuliza kama nimeelewa sawasawa, naye akasema nimeelewa. Mtu aliyetiwa sumu anatakiwa kwanza awe mzima, ndipo asikilizwe akisema kuwa ametiwa sumu.

"Kwa hiyo mtajibu hivi," Tigor akasema. "'Ninaweza kutoa ushahidi leo, Mheshimiwa.' Basi. Tujaribu. Bu Warsinah, mimi ndiye jaji. Shahidi, u mzima?"

"Mzima, alhamdulillahi."

"Bu!"

"Samahani, Pak. Limetoka lenyewe."

"Mikono yako ina nini?"

"Inalegea kidogo tu."

"Kidogo! Jana umeangusha sufuria ya soya, nimeona kwa macho yangu."

"Sufuria yenyewe ilikuwa kuukuu, Pak."

Walirudia hadi adhana ya alasiri. Mara ya mwisho Warsinah alilitamka jibu kama lilivyo, na Tigor akapiga makofi peke yake.

Nyumbani Saderi alikuwa na swali lake. Alikuwa bado ameajiriwa tanurini. Jumapili kabla ya kesi alikaa jikoni akimsaidia mkewe kufunga tempe, kazi ambayo hakuwahi kuifanya mpaka mikono ya mkewe ilipokataa.

"Mama Rukmi, ukisema wewe Jumanne, mimi Jumatano nafukuzwa."

"Najua, Baba Rukmi."

"Tutakula nini?"

"Tempe."

Alicheka bila kupenda. Mkewe akamnyooshea kidevu kuelekea furushi alilolishika. "Hilo lifungue ufunge upya. Watu watadhani ni mimi."

"Matoroli yale manne niliyasukuma mimi," Saderi akasema.

"Ungejua usingeyasukuma. Waliojua ndio waliokupa. Funga."

Siku ya kesi nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, nikakaa benchi la nyuma. Mashahidi wengine walibaki barazani, lakini madirisha yalikuwa wazi kwa sababu ya joto na kila neno liliwafikia. Warsinah alikaa kwenye kiti kilichokuwa peke yake katikati ya chumba, viganja vimelala mapajani. Jaji mkuu wa jopo, mwanamke wa makamo, hakuinua macho kutoka kwenye makaratasi.

"Shahidi, u mzima wa mwili na akili?"

Warsinah aliinama kidogo na kutabasamu. "Mzima, alhamdulillahi, Mheshimiwa."

Karani akaandika. Tigor akafumba macho.

Akaapishwa, Kurani ikiwa imeshikwa juu ya kichwa chake. Kisha alieleza vizuri, kwa mpangilio, bila kuongeza chumvi: wali wa manjano, tumbo la Rukmi, herufi zilizopotea, vidole. Alipomaliza, wakili wa kampuni, Wiryawan, alisimama. Alikuwa mpole kupita kiasi, na upole wake ulinichukiza kuliko kama angefoka.

"Bu, kwanza samahani kwa kukusumbua."

"Hakuna usumbufu, Pak."

"Mheshimiwa amekuuliza kama u mzima. Umejibuje?"

"Mzima, Pak."

"Na watu wa afya walipofika kwako Agosti, wakakuuliza habari zako na za mtoto?"

"Nilisema wazima, Pak."

"Na sasa unasema mnaumwa. Nisaidie, Bu, mimi ni mzito wa kuelewa. Husema kweli siku zipi? Au mpaka ushikiwe Kurani juu ya kichwa?"

Vijana wawili wa kampuni walicheka kwa sauti. Hakuna aliyewakemea. Mwanamke aliyefundishwa tangu utotoni asimtwike mgeni matatizo yake alikuwa anachekwa, mchana kweupe, na watu waliofundishwa adabu ileile na kuitumia kama mtego.

Tigor alikuwa amesimama. "Ile ni salamu, Mheshimiwa! Salamu!"

"Ni jibu," Wiryawan akasema taratibu, "na limeandikwa. Tunaomba ushahidi wake usizingatiwe. Vilevile wa wenzake sita, maana nao wamo katika ripoti ile, na wote walisema ni wazima."

Jaji alivua miwani. "Shahidi, una la kusema?"

Warsinah alitazama kalamu ya karani.

"Mheshimiwa, naomba uniulize tena."

"Nikuulize nini?"

"Lile la kwanza. Kama mimi ni mzima."

"Bu, ukisema unaumwa huenda nikalazimika kuahirisha. Mara ya tatu. Unanielewa?"

"Nakuelewa. Uliza tu, Mheshimiwa."

"Haya. Shahidi, u mzima wa mwili na akili?"

Mdomo wake ulifunguka, ukafumba. Angeombwa avue nguo mbele ya wanaume wale, nadhani isingekuwa kazi ngumu zaidi.

"Hapana," akasema. "Mimi si mzima."

Akainua mikono yote miwili mbele yake. Viganja vilining'inia kama vitambaa vilivyoanikwa.

"Mama yangu alikuwa anakata roho, jirani akachungulia dirishani akamuuliza hali. Akasema nzuri, karibu chai. Ndivyo tulivyolelewa. Na wale waliokuja kwangu ni watu wa hapahapa, Mheshimiwa. Mama zao waliwalea vilevile. Walijua tutajibu nini kabla hawajavua viatu." Sauti yake ilikuwa imepanda, jambo ambalo sikuwahi kulisikia. "Akili yangu haina ugonjwa. Nakumbuka kila kitu. Mwili ndio mbovu, na wa mwanangu ni mbovu zaidi. Sasa kama mahakama husikiliza wazima peke yao, basi mwenye kiwanda atasikilizwa maisha yake yote, na sisi hatutasikilizwa hata siku moja."

Wiryawan alikuwa amesimama tena. Aliomba, kwa upole uleule, kwamba kwa kuwa shahidi amekiri mwenyewe kuwa ni mgonjwa, ushahidi wake ufutwe. Baada ya kuomba ufutwe kwa kuwa ni mzima, aliomba ufutwe kwa kuwa ni mgonjwa, na hakuona haya.

Majaji walitoka kushauriana. Waliporudi, jaji mkuu aliuliza swali ambalo halikuwa kwenye karatasi yake.

"Shahidi, unaweza kukumbuka na kueleza leo?"

"Naweza, Mheshimiwa."

"Iandikwe kwamba shahidi ni mgonjwa wa mwili na anaweza kueleza. Ushahidi unabaki. Aingie wa pili."

Aliingia Mbah Jiwo, akiwa ameshika kiuno. Jaji, kwa mazoea ya miaka mingi, alimuuliza kama ni mzima wa mwili na akili.

"Si mzima, Mheshimiwa. Samahani sana."

"Na unaweza kueleza?"

"Kueleza naweza mpaka magharibi. Mtanichoka."

Safari hii waliocheka walikuwa wetu, na jaji aliinamia makaratasi yake kwa muda kidogo. Waliofuata walikuwa watano. Mama mmoja kijana alijifunika uso kwa ncha ya mtandio alipolitamka, kana kwamba anakiri wizi. Mwingine alisema kwanza "mzima, alhamd—" akajikata, akaanza upya. Lakini wote walilisema, mmoja baada ya mwingine, watu ambao hawakuwahi kulisema hata kwa ndugu zao: si mzima, si mzima, si mzima. Barazani, Warsinah alikuwa amekaa sakafuni, Saderi akimpepea kwa kofia yake ya kazini.

Saderi alifukuzwa Alhamisi. Alikuwa ametabiri Jumatano.

Hukumu ilitolewa mwezi wa Juni. Mahakama iliitupa ripoti ya majaketi meupe, ikisema kwamba jibu la salamu si uchunguzi wa afya, na ikaiamuru kampuni iyaondoe makapi katika nyua zote arobaini na moja. Kampuni haikukata rufaa. Ilikubali kwa wepesi uliotushangaza, na Tigor, ambaye alikuwa amejiandaa kwa miaka mitano ya kupigana, aliisoma hukumu mara mbili akitafuta walipofichia shimo. Alilipata katika ukurasa wa mwisho. Hukumu ilisema makapi yaondolewe. Haikusema yapelekwe wapi. Aliandika kuomba sentensi moja iongezwe. Akajibiwa kwamba kesi imekwisha na aliyeshinda hana cha kuomba.

Tarehe 14 Machi 2018, Rukmi alikuwa katika wiki ya tatu ya dawa, na kipimo cha risasi katika damu yake kilikuwa kimeshuka hadi thelathini na nane. Makapi ya ua wao, pamoja na ya nyua nyingine arobaini, yalikuwa yamemwagwa nyuma ya shule ya msingi ya kijiji cha Sumbergede, kilomita sita mashariki mwa Karangsoka.